Siku mbili Venice: mgeni anaondoka na picha, mwenyeji anabaki na nini?

Huenda nawe umewahi kutumiwa picha kama hii kwenye simu: mke na mume wamekaa ndani ya mtumbwi mweusi, na nyuma yao nyumba ndefu za kale zimechomoza majini kana kwamba mafuriko yameingia mjini na hakuna anayejali. Chini yake yameandikwa maneno machache tu: "Wikendi tuko Venice."

Msikilizaji anayeipokea picha hiyo akiwa Sumbawanga au Kitui ana haki ya kuuliza. Mji huo umejengwaje? Watu wa pale wanatembeaje bila barabara? Safari ya siku 2 inagharimu kiasi gani? Na kwa nini taarifa za habari zinasema wenyeji wanawalalamikia wageni, wakati wahenga wetu walituachia msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone?

Katika makala hii tunayajibu maswali hayo moja baada ya jingine. Ili tusipotee njiani, tutawafuata mke na mume wa mfano tu, wanaoishi Munich, kusini mwa Ujerumani. Wanapanda treni Ijumaa na kusafiri kwa karibu saa 7. Wanalala Venice usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, kisha Jumapili jioni wanarudi kazini.

Kuhusu fedha, tumekadiria yuro 1 kuwa shilingi 3,000 za Tanzania au 150 za Kenya. Viwango hubadilika, kwa hiyo chukua hesabu zetu kama makadirio.

Venice ni mji gani?

Venice, ambao Waitaliano wenyewe huuita Venezia, uko kaskazini mashariki mwa Italia. Umekaa katikati ya ghuba ya maji ya chumvi yenye kina kifupi, iliyotenganishwa na bahari ya Adriatic kwa visiwa vyembamba vya mchanga. Mji wenyewe ni mkusanyiko wa visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400.

Magari hayaingii. Treni inavuka ghuba juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846, na daraja la magari likafuata mwaka 1933, lakini yote mawili yanaishia ukingoni mwa mji. Kuanzia hapo ni miguu au boti. Boti ndizo zinazobeba wagonjwa, takataka, matofali, mboga za sokoni na hata jeneza kwenda makaburini. Aliyewahi kufika Lamu ataelewa haraka: vichochoro vyembamba, kuta ndefu na sauti za nyayo. Tofauti ni kwamba Venice hakuna punda, kwa hiyo mizigo husukumwa kwa mikokoteni ya mkono na kupandishwa ngazi za kila daraja.

Kwa karne nyingi mji huu ulikuwa dola inayojitegemea, yenye merikebu, majeshi na sarafu yake ya dhahabu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1284. Ulitajirika kwa kununua pilipili, hariri na viungo kutoka mashariki kupitia bandari kama Iskanderia, na kuviuza Ulaya. Dola hiyo iliangushwa na Napoleon mwaka 1797.

Nyumba zinasimamaje juu ya matope?

Mafundi wa kale walichukua magogo yaliyochongwa ncha, wakayagongomea kwenye matope moja baada ya jingine, karibu karibu, hadi yakafika kwenye tabaka la udongo mgumu. Juu ya vichwa vya magogo walilaza mbao nene, na juu ya mbao wakapanga mawe meupe kutoka Istria, ng'ambo ya Adriatic, ambayo hayanyonyi maji kirahisi. Hapo ndipo ukuta wa matofali ulipoanzia.

Swali la mkulima yeyote ni hili: mbona magogo hayaozi? Sisi tunajua nguzo ya uzio huozea pale inapokutana na ardhi. Jibu ni hewa. Vimelea vinavyoozesha mti kwa haraka vinahitaji oksijeni, na ndani ya matope yaliyojaa maji oksijeni karibu haipo. Nguzo ya uzio hupata maji na hewa kwa zamu. Gogo la Venice limezama moja kwa moja, ndiyo maana huchukua karne nyingi kuharibika. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililo mlangoni mwa mfereji mkuu, linaelezwa kuwa limesimama juu ya magogo zaidi ya milioni 1.

Jumamosi: wanaona nini, wanalipa nini?

Asubuhi wageni wetu wanakata tiketi ya boti za abiria, ambazo ndizo daladala au matatu za Venice. Safari moja ni yuro 9.50, yaani karibu shilingi 28,500 za Tanzania au 1,425 za Kenya. Tiketi ya saa 48 ni yuro 35 kwa mtu, na kwa anayepanda mara nyingi ndiyo nafuu. Boti inawapitisha kwenye mfereji mkuu wenye urefu wa karibu kilomita 4, huku majumba ya matajiri wa kale yakiwa yamejipanga pande zote mbili.

Kwenye mfereji huo wanapita chini ya Daraja la Rialto, la mawe, lililojengwa kati ya mwaka 1588 na 1591. Hatua chache kutoka hapo ni soko la samaki na mboga, ambalo lilikuwepo karne nyingi kabla ya daraja hilo.

Wanashuka kwenye Uwanja wa Mtakatifu Marko. Kanisa kuu lililopo hapo lilianza kujengwa mwaka 1063 kwa ajili ya kuhifadhi mabaki ya Mtakatifu Marko. Masimulizi ya mji yanasema wafanyabiashara wa Venice waliyatorosha kutoka Iskanderia, Misri, mwaka 828, wakayafunika kwa nyama ya nguruwe ili wakaguzi wa forodha Waislamu wasiyaguse. Anayeingia kanisani anatakiwa kufunika mabega na magoti.

Kando yake kuna mnara wa kengele wenye urefu wa karibu mita 99. Huu wanaouona si ule wa zamani. Wa zamani ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902. Nyufa zilikuwa zimeonekana mapema na watu wakaondolewa, kwa hiyo hakuna aliyekufa isipokuwa, kama inavyosimuliwa, paka wa mlinzi. Mnara ukajengwa upya kwa umbo lile lile na kufunguliwa mwaka 1912.

Na mtumbwi wa kwenye picha? Huo unaitwa gondola. Una urefu wa karibu mita 11 na mpiga kasia husimama nyuma akitumia kasia moja tu. Upande wa kushoto umejengwa mpana kuliko wa kulia. Bila hivyo kasia la upande mmoja lingeuzungusha mtumbwi badala ya kuupeleka mbele. Bei iliyowekwa na mji ni yuro 90 kwa nusu saa mchana, karibu shilingi 270,000 za Tanzania au 13,500 za Kenya. Bei hiyo ni ya mtumbwi mzima, siyo ya kila mtu. Asiyeweza kuimudu anaweza kuvushwa mfereji mkuu, ng'ambo hadi ng'ambo, kwa gondola ya kawaida ya kuvusha watu, kwa yuro 2.

Maneno 3 ya Venice unayoyatumia bila kujua

Pengine unadhani mji huu hautuhusu. Sikiliza kwanza maneno haya.

Gazeti. Katika karne ya 16 watu wa Venice walinunua karatasi za habari, na inaelezwa kwamba bei yake ilikuwa sarafu ndogo iliyoitwa gazeta. Jina la sarafu likawa jina la karatasi, likazunguka Ulaya, na hatimaye likatufikia.

Karantini. Tulilisikia sana mwaka 2020 wakati wa korona. Linatokana na neno lao la arobaini. Mwaka 1423 Venice ilitenga kisiwa kizima kuwa hospitali ya wagonjwa wa tauni, na watu na bidhaa kutoka sehemu zenye ugonjwa walizuiwa kwa muda, mara nyingi siku 40, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Hata hivyo tauni ya mwaka 1630 na 1631 iliua karibu theluthi moja ya wakazi. Kanisa la Salute tulilolitaja lilijengwa kama nadhiri ya waliopona.

Geto. Vijana wetu huita hivyo chumba cha kupanga. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliwaamuru Wayahudi wote wakae kwenye kisiwa kimoja, ambacho milango yake ilifungwa usiku. Zamani hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na wanahistoria wengi wanasema neno geto lilitokana na kiwanda hicho. Milango hiyo ilivunjwa mwaka 1797. Mtaa huo bado upo, na wageni wetu wanaupitia wakitembea kwa miguu kutoka stesheni ya treni.

Jumapili: kisiwa cha vioo na shanga

Asubuhi wanapanda boti kwenda Murano, kisiwa cha mafundi wa vioo. Mwaka 1291 serikali iliamuru tanuri za vioo zihamie huko, kwa kuwa nyumba nyingi za mjini zilikuwa za mbao na moto wa tanuri ungeweza kuuteketeza mji. Hadi leo fundi huchovya bomba refu kwenye kioo kilichoyeyuka, akapuliza, na ndani ya dakika chache chombo kikapata umbo.

Hapa pia pana uhusiano na kwetu. Shanga za kioo zilizotengenezwa Venice zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na katika karne ya 19 wapagazi wa misafara walizibeba hadi maeneo ya maziwa makuu. Kila eneo lilikuwa na rangi yake iliyokubalika, na msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa aliweza kukosa chakula. Biashara hizo za misafara zilikwenda sambamba na pembe za ndovu na biashara ya watumwa, kwa hiyo ushanga ule mzuri una historia nzito nyuma yake.

Kabla ya hapo, mfanyabiashara wa Venice aitwaye Marco Polo, aliyezaliwa mwaka 1254, aliitaja Zanzibar katika kitabu cha safari zake, ingawa hakuwahi kufika. Aliandika aliyoyasikia kwa wengine.

Bamvua linapoingia mjini

Watu wa pwani wanajua bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida. Venice nako bamvua likikutana na upepo wa kusini unaosukuma maji ndani ya ghuba, mji unafunikwa. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimita 194 juu ya kipimo cha kawaida. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187.

Serikali ya Italia imejenga malango 78 ya chuma kwenye midomo 3 ya ghuba, kwa gharama iliyozidi yuro bilioni 5. Siku za kawaida malango hayo yamejaa maji na yamelala chini ya bahari. Maji mengi yakitabiriwa, hewa husukumwa ndani yake, nayo huinuka na kuziba njia. Yalifanya kazi dhidi ya maji makuu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020, na uwanja wa Mtakatifu Marko ukabaki mkavu. Lakini bahari inaendelea kupanda, na malango yakifungwa mara nyingi meli nazo hukwama na maji ya ghuba hayabadilishwi.

Mbona wenyeji wanahama?

Mwaka 1951 visiwa vya kale vya Venice vilikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa karibu na Rialto limeweka dirishani kibao chenye idadi ya wakazi waliobaki, ili kila apitaye aione.

Waliondoka kwa sababu kadhaa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1966 wengi waliokaa vyumba vya chini walikata tamaa. Viwanda na kazi vilikuwa ng'ambo, bara. Kisha utalii ukaongeza sababu nyingine: mwenye nyumba aligundua kwamba wageni wa usiku 2 wanamlipa kuliko familia ya kupanga mwaka mzima. Nyumba zikageuka vyumba vya wageni. Duka la mkate likawa duka la vinyago na sumaku za kubandika kwenye friji. Mama akikosa mahali pa kununua maziwa na mtoto akikosa wenzake shuleni, familia nayo inafunga mizigo. Mwaka 2023 hesabu ya vikundi vya wakazi ilionyesha kuwa vitanda vya wageni vimezidi idadi ya wakazi wenyewe.

Kwa upande mwingine, wageni wanaofika kwa mwaka wanakadiriwa kuzidi milioni 20, na wengi hawalali. Wanashuka asubuhi, wanapiga picha, wanakula walichobeba, na jioni wanaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimfikiria mgeni anayekaa mno hadi inabidi asaidie kulima. Tatizo la Venice ni kinyume chake: mgeni haongezi chochote kwa sababu hata usiku mmoja hakai, lakini anaacha takataka, anajaza madaraja, na mwenyeji anachelewa kazini kwa kukosa pa kupita.

Mji umefanya nini?

Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa za watalii zimezuiwa kupita mbele ya Uwanja wa Mtakatifu Marko. Mwaka 2024 makundi yanayotembezwa yaliwekewa kikomo cha watu 25, na waongozaji wakakatazwa kutumia vipaza sauti.

Tarehe 25 Aprili 2024 ukaanza utaratibu uliozungumzwa zaidi: ada ya kuingia mjini. Mgeni wa kutwa alilipa yuro 5, karibu shilingi 15,000 za Tanzania au 750 za Kenya, katika siku 29 zenye msongamano. Ada ilihusu wanaoingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka 2025 siku ziliongezwa hadi 54, na aliyechelewa kulipa akatozwa yuro 10. Watoto chini ya miaka 14 hawalipi. Wanaolala mjini nao wamesamehewa, kwa kuwa tayari hulipa kodi ya kila usiku hotelini, ila hutakiwa kujiandikisha.

Ada hiyo ina wapinzani. Baadhi ya wakazi wanasema yuro 5 haimzuii mtu aliyekwisha lipia treni au meli, na kwamba mji wa watu haupaswi kuwa na tiketi kama bustani ya wanyama. Viongozi wa mji wanajibu kwamba angalau sasa wanajua idadi ya wanaokuja na siku wanazokuja. Hoja zote mbili zina uzito. Sisi tunaona kwamba ada peke yake haiwezi kumrudisha mkazi aliyekosa nyumba ya kupanga.

Adhabu nazo zipo. Kulisha njiwa kwenye Uwanja wa Mtakatifu Marko kulipigwa marufuku mwaka 2008. Kuogelea mferejini ni kosa. Mwaka 2019 watalii wawili kutoka Ujerumani waliwasha jiko dogo kwenye ngazi za Daraja la Rialto wapike kahawa, wakapigwa faini ya yuro 950, zaidi ya shilingi milioni 2.8 za Tanzania au 142,000 za Kenya.

Mgeni mwema anafanyaje?

Wageni wetu wa mfano tayari wamefanya jambo moja la maana: wamelala. Saa 12 jioni makundi ya kutwa yanapoondoka, vichochoro vinatulia. Kwenye viwanja vidogo wazee wanatoka kukaa, watoto waliobaki wanacheza mpira, na nguo zinaonekana kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Huo ndio mji wenyewe, na mgeni wa kutwa haujui.

Mengine ni madogo lakini yakifanywa na mamilioni ya watu huwa makubwa. Kula kwenye mgahawa wa mtaa badala ya kukaa kwenye ngazi za daraja na mkate wa begi. Kunywa kahawa kwa kusimama kaunta kama wenyeji, na pia ni nafuu kuliko kukaa mezani. Kujaza chupa kwenye bomba za maji safi zilizo viwanjani. Kutembea upande wa kulia kichochoroni ili mwenye haraka apite. Kuuliza kwanza kama kioo kimetengenezwa Murano kweli, maana vingi vinavyouzwa mjini vimeletwa kutoka mbali.

Na mtu akitoka kwetu moja kwa moja?

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen, inayomruhusu kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Lazima uwe na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Maombi hupelekwa ubalozini au kwa wakala aliyeteuliwa na ubalozi, si chini ya siku 15 kabla ya safari. Anayekuahidi viza ya uhakika kwa pesa ya kutuma kwenye simu anakutapeli.

Kwa nini tumekueleza haya?

Venice na ghuba yake viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Huko kwetu pia nyumba kadhaa za kale zimegeuzwa hoteli. Na si miji pekee: kijiji chenye maporomoko ya maji, mapango au ufukwe mzuri kinaweza kuanza kupokea wageni wengi ndani ya miaka michache.

Utalii unaleta kazi, na hakuna anayetaka kuufukuza. Lakini Venice inatufundisha kuuliza mapema, kabla wageni hawajawa wengi: anayelala analala kwa nani, fedha inabaki wapi, na mwalimu au muuguzi wa pale bado ataweza kupanga chumba? Mwenyeji hawezi kupona kwa ujio wa mgeni ikiwa yeye mwenyewe ameshahama.